Visiwa Vinavyoelea: Maswali Tunayoulizwa Zaidi Moshi na Arusha

Maswali haya yanatoka kwa walimu wanaopeleka wanafunzi Duluti, kwa wavuvi wa Mwanga, kwa wafugaji wa samaki wa Tengeru, na kwa watu walioona video kwenye simu wakataka kujua kama ni ya kweli. Tumeyapanga yalivyokuja. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yanataka ukae chini kwanza.

Kisiwa kinachoelea ni kitu gani hasa?

Ni zulia nene la mimea hai iliyoshikana kwa mizizi, na chini yake kuna tabaka la majani na mashina yaliyokufa yakaoza nusunusu. Hakijaegemea mwamba wala udongo wa chini ya ziwa. Kinaelea, upepo ukija kinasogea. Kipo cha ukubwa wa meza, kipo cha ekari kadhaa chenye miti midogo juu yake, na ukikitazama kutoka mbali utaapa ni nchi kavu.

Kwenye maziwa ya Afrika Mashariki mmea unaovijenga zaidi ni mafunjo, yale yenye kichwa cha nyuzinyuzi kijani, ambayo hufikia urefu wa mita 4 hadi 5. Matete hushiriki, na yako majani marefu yapendwayo na viboko ambayo hutambaa juu ya maji na kuunganisha kila kitu.

Kitu kizito namna ile kinaeleaje?

Kata shina la mafunjo uliangalie ndani. Utakuta limejaa vyumba vidogo vya hewa kama sponji. Mmea uliosimama kwenye matope yasiyo na oksijeni lazima uipeleke hewa mizizini wenyewe, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoubeba. Mashina mazito yanayotambaa chini, yale yanayotoa machipukizi mapya, nayo yamejaa hewa, yanasukana na mizizi mpaka unapata kitanda kimoja.

Kuna msaada wa pili. Majani yaliyokufa yanapooza mahali pasipo na oksijeni hutoa gesi, hasa methani, na viputo vyake hunaswa ndani ya tabaka la chini. Hapo mzigo hupungua. Ndiyo maana wakati mwingine kipande cha matope na mizizi huibuka chenyewe kutoka chini ya ziwa, pasipokuwa na kitu asubuhi yake.

Kinazaliwaje?

Hapa tukae kidogo, maana majibu mengi ya maswali yanayofuata yanatoka hapa.

Njia ya kawaida inaanzia ufukweni. Mafunjo huota kwenye matope ya ukingo, kisha hujisukuma kuelekea ndani ya ziwa. Hatua za kwanza mizizi inagusa chini. Baadaye kina kinakuwa kirefu na mizizi haifiki tena, lakini mmea haujali, kwa sababu unaelea na bado umeshikwa na wenzake walio ukingoni. Baada ya miaka unapata ukingo ambao nusu yake imekaa chini na nusu yake inaelea, na mtu anayepita na mtumbwi hawezi kujua mpaka uko wapi.

Sasa ziwa lipande ghafla. Mvua kubwa, mito imejaa, maji yameongezeka mita moja ndani ya miezi michache. Sehemu inayoelea inapanda na maji, sehemu iliyoshikwa na matope inabaki. Katikati pananyooka, panachanika. Upepo mkali wa usiku mmoja unatosha kumalizia. Asubuhi ukingo wenu umekuwa kisiwa.

Ndiyo maana visiwa hivi huja kwa misimu ya mafuriko. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mafunjo na magugu maji yaliyong'oka yaliziba njia ya kutokea maji ya Ziwa Kyoga nchini Uganda, na ziwa likafurika mashamba na vijiji vya pembezoni. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifika kiwango ambacho halikuwa limefikia tangu 1964, na mwaka huohuo vipande vikubwa vya ukingo vikaanza kusafiri.

Njia nyingine ni kwamba binadamu amekata au amechoma sehemu ya ukingo, au amelima mpaka majini, na kilichobaki kikakosa pa kujishikilia. Kuna na njia ya magugu maji, tutaifikia.

Ni kweli kinahama usiku kwa sababu kuna majini ndani yake?

Kinahama usiku, hilo ni kweli. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja pwani na kisiwa kinakaa kimebanwa ukingoni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, upepo unatoka huko kwenda ziwani. Mafunjo yaliyosimama juu ya kisiwa ni tanga tosha. Mtu anayelala saa 3 akikiona pale na kuamka saa 12 hakipo, ana haki ya kushangaa. Wavuvi wa maziwa makubwa wanaujua upepo huo vizuri, ndio unaowatoa kwenda kutega.

Wazee wakikwambia mahali fulani pana wenyewe na pasikanyagwe, heshimu. Mara nyingi ni mahali ambapo mtu aliwahi kuzama.

Huku kwetu vipo wapi?

Mkoa wa Kilimanjaro jibu ni Jipe. Ziwa Jipe liko wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Upare Kaskazini, na mpaka wetu na Kenya unapita ndani yake. Ng'ambo ni hifadhi ya Tsavo Magharibi. Linapokea maji ya mto Lumi unaotoka upande wa Kilimanjaro, na linatoa maji kwa mto Ruvu (si ule Ruvu wa Pwani, watu huchanganya sana) unaokwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kukutana na mto Kikuletwa na kuzaa mto Pangani. Ni ziwa la kina kifupi, sehemu nyingi halifiki mita 3. Lina virutubisho vingi na tope linaloletwa na mto. Kwa mafunjo na matete hiyo ni karamu, na yamekwisha kulifunika sehemu kubwa. Wavuvi wa Jipe wanajua adha ya kutoka alfajiri kwa njia moja na kurudi mchana ukaikuta njia imejifunga.

Duluti, pale Tengeru, ni ziwa dogo la kreta, yaani shimo la volkano, ndani ya msitu wa hifadhi. Mafunjo na matete yapo kandokando, na ni mahali pazuri kumwonyesha mtoto jinsi ukingo unavyoanza kujisukuma kuingia majini. Ukienda kwa matumaini ya kuona kisiwa kikubwa kinachozunguka, utarudi umenuna.

Ziwa Chala, upande wa Rombo, nalo ni la kreta, lakini kuta zake ni mteremko mkali unaoshuka moja kwa moja kwenye kina kirefu. Mafunjo hayana sakafu ya kuanzia. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana magadi; utapata flamingo, mafunjo hutapata. Manyara ni hadithi ileile ya magadi.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini mkoa wa Arusha una maziwa mengi na visiwa vichache, sababu ni chumvi na kina.

Magugu maji na kisiwa kinachoelea ni kitu kimoja?

Hapana, ila ni majirani wanaosaidiana. Magugu maji, yale yenye ua la zambarau, asili yake ni Amerika Kusini. Yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na 1998 yalikuwa katika kilele chake. Kila mmea unaelea peke yake. Ukiuvuta unatoka na mizizi yake kama ndevu. Zulia lake ni jepesi, mawimbi yanaweza kulisambaratisha.

Lakini zulia hilo likikaa mahali patulivu kwa muda, majani mengine huota juu yake, takataka hujikusanya, na mbegu za mafunjo hupata kitalu. Ndani ya miaka michache umepata kisiwa cha kweli kilichoanza kama gugu. Kwa hiyo mvuvi anayeviita vyote "magugu" hajakosea sana. Tofauti inakuja kwenye kuvitoa: magugu maji yalipunguzwa kwa kuachia wadudu aina ya fukusi wanaoyala yenyewe tu. Fukusi hao hawana habari na mafunjo.

Mwanzoni mwa 2025 wasafiri wa kivuko cha Kigongo na Busisi, Ziwa Victoria upande wa Mwanza, walikwama kwa sababu ya gugu jingine dogo linaloelea, kabla daraja halijafunguliwa Juni mwaka huo.

Naweza kusimama juu yake?

Kilichokomaa kinabeba mtu, hata watu kadhaa. Wavuvi wa Kyoga wamewahi kujenga vibanda na kuishi juu ya visiwa vya mafunjo. Unapotembea, ardhi inacheza chini ya miguu na maji yanapanda mpaka kifundo.

Lakini unene haulingani. Unaweza kupiga hatua kumi salama, ya kumi na moja ukazama mpaka kwapani, na mizizi ikakushika huko chini. Kujitoa ni kazi kuliko kuogelea. Nyoka wapo, chatu akiwemo. Jipe ina viboko na mamba, na kiboko hupenda kutoboa njia chini ya majani ambako wewe unaona kijani tu. Sisi hatupandishi wanafunzi juu ya kisiwa, hata mwalimu akisisitiza.

Nani anaishi humo?

Ndege kwanza. Kuna aina ambazo maisha yao yote yamefungwa kwenye mafunjo, hazijengi kiota mahali pengine. Halafu nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame kwenye mimea inayoelea. Akitishwa hujizamisha majini akaacha pua tu nje. Kwa Tanzania nenda Rubondo au mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa eneo letu la kwanza kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Vinaua samaki?

Chini ya zulia mwanga haufiki na oksijeni ni kidogo sana. Perege hawezi kukaa katikati. Kambale anaweza, kwa sababu huja juu kuvuta hewa; kamongo wa Ziwa Victoria vilevile. Kwa hiyo ziwa likifunikwa lote, uvuvi wa perege umekwisha.

Lakini ukingo wa kisiwa, zile mita chache ambapo mizizi inaning'inia na mwanga unapenya, ni kitalu. Vifaranga hujificha humo. Ziwa Victoria, baada ya sangara kupandikizwa na kumaliza samaki wadogo, baadhi ya wale waliosalia walisalia ndani ya mafunjo, ambako sangara hawezi kuwafuata kwa sababu ya uhaba wa oksijeni. Jipe ina perege wake anayeitwa kwa jina la ziwa hilo, ambaye yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Ukimfyekea ukingo wote umemfukuza nyumbani. Ukiuacha ufunike ziwa lote umemziba pumzi.

Vinaleta malaria na kichocho?

Kichocho, ndiyo, tahadhari. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye mimea ya maji yaliyotulia, na mwalo uliozungukwa na majani ambapo watu wanaoga na kufua ndipo penye hatari.

Malaria si rahisi kusema. Mbu mmojawapo mkubwa wa malaria hupenda vidimbwi vya wazi vinavyopigwa jua, kama nyayo za ng'ombe na mitaro. Mwingine hupenda maji yenye kivuli cha majani. Kufyeka mafunjo ili "kuondoa mbu" kunaweza kukuondolea wa pili ukamkaribisha wa kwanza. Chandarua bado ndiyo kinga.

Kisiwa kimekuja kuziba mwalo wetu. Tukichome?

Swali hili ndilo tunaloulizwa kwa hasira zaidi, na tunaielewa hasira.

Moto unachoma sehemu ya juu tu. Mashina ya chini yako majini, salama, na baada ya wiki chache yanachipua upya, mara nyingi kwa nguvu zaidi kwa kuwa majivu ni mbolea. Umepoteza viota vya ndege na bado mwalo umefungwa. Dawa ya kuua magugu ndiyo mbaya zaidi: mimea yote inakufa pamoja, inazama, inaoza, inanyonya oksijeni, na siku chache baadaye mnaokota samaki waliogeuza matumbo.

Kinachofanya kazi ni upepo na kamba. Subirini upepo unaotoka nchi kavu, kateni kisiwa vipande kwa misumeno na mapanga, kisha vivuteni kwa mitumbwi mpaka mahali pasipo na mwalo wala mdomo wa mto, mkavifunge huko. Vile vidogo vivuteni nchi kavu vikauke. Vinafaa mbolea, na mafunjo yenyewe yanafaa mikeka na kuezekea. Mkiachia vipande viende tu, vitafika kwa jirani, na jirani atawarudishia upepo ukigeuka.

Kabla ya yote, wahusisheni serikali ya kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zao zipo hapa Moshi. Jipe ni ziwa la nchi mbili, na kipande ulichokisukuma usiku kinaweza kuamkia Kenya.

Kisha ulizeni kwa nini kilikatika na kwa nini kinakua haraka hivyo. Tukienda kuangalia, mara nyingi tunakuta mahindi au nyanya zimelimwa mpaka maji yanapoanza, mbolea inaoshwa kuingia ziwani, na tope linafuata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita hizo 60 watu wanazijua, wanazipima kwa macho, na macho ya mwenye shamba huwa mafupi. Kuvuta visiwa kila mwaka huku ukingo unalimwa ni kazi isiyo na mwisho, na mimi binafsi siwezi kumshauri mtu achangie mafuta ya boti kwa ajili hiyo kabla shamba halijarudi nyuma.

Ni kweli kisiwa kiliwahi kuzima umeme wa nchi nzima?

Kweli. Aprili 2020 kisiwa kilichosafiri kutoka Ziwa Victoria kilifika Jinja, kwenye mitambo inayotumia maji ya Nile, kikaziba njia ya maji. Uganda ikaingia gizani. Karne ya 19 mimea ya namna hii ilizuia kabisa meli kwenye Nile Nyeupe, huko ambako leo ni Sudan Kusini. Msafara wa Mwingereza Samuel Baker wa 1870 ulikwama humo.

Swali linalofuata huwa ni kuhusu Nyumba ya Mungu. Mtambo wake ni wa megawati 8, na maji yakitoka hapo huendelea kushuka kwenye mitambo ya Hale na Pangani. Anayelinda ukingo wa Jipe na Kikuletwa analinda na mitambo hiyo, ingawa hakuna anayemlipa.

Kuna nchi iliyofanya visiwa hivi kuwa hifadhi?

India. Ziwa Loktak, jimbo la Manipur, lina hifadhi ya taifa ya Keibul Lamjao, kilomita za mraba 40, na sehemu yake kubwa inaelea. Humo anaishi paa anayeitwa sangai, ambaye watu walidhani ametoweka. Mwaka 1975 walihesabiwa 14 tu.

Cha kujifunza kwa watu wa mabwawa kiko hapa. Zamani, kiangazi kikifika, maji ya Loktak yalishuka na visiwa vikakaa chini, mizizi ikala virutubisho kwenye tope, mvua zikirudi vinaelea vikiwa vimenenepa. Mwaka 1983 likajengwa lango la kuzuia maji kwa ajili ya umeme, na ziwa likawa limejaa mwaka mzima. Visiwa havishuki tena kula. Vimekuwa vyembamba, na paa mzito anaweza kutoboka. Hakuna aliyekusudia hivyo.

Na wale wanaoishi juu ya ziwa kule Peru?

Wauru wa Ziwa Titicaca. Vile si vya asili. Wanavijenga wenyewe kwa matete na kuongeza tabaka jipya juu kila la chini linapooza.

Naweza kujitengenezea kidogo kwenye bwawa langu la samaki?

Unaweza, na ni jambo zuri kwa bwawa ambalo maji yake yamekuwa ya kijani kibichi. Tengeneza fremu ya mianzi au mabomba ya plastiki yaliyozibwa, funga madumu matupu kwa ajili ya kuelea, tandika wavu, na upande matete au vetiva (nyasi yenye mizizi mirefu), mizizi ikining'inia majini. Mizizi inanyonya naitrojeni na fosforasi inayolisha ule ukijani.

Mambo mawili. Kifungwe kamba, kisifunike zaidi ya sehemu ndogo ya bwawa, maana usiku mimea nayo haitoi oksijeni. Na ukate majani mara kwa mara ukayatoe nje, umpe ng'ombe au uweke shambani. Ukiyaacha yaangukie humo umerudisha kila kitu ulichotoa. Usichukue magugu maji kama njia ya mkato, hata kama jirani anakupa bure. Mvua moja kubwa inatosha kuyatoa kwako kuyapeleka mtoni.

Nataka kuwapeleka watoto Jumamosi. Twende wapi?

Kutoka Arusha, Duluti. Ni karibu, kuna njia ya kutembea kuzunguka ziwa ndani ya msitu, kuna mitumbwi, na kiingilio hulipwa kwa watu wa misitu getini.

Kutoka Moshi, kama una gari la kuvumilia vumbi, Jipe kupitia Mwanga. Ripoti kwanza ofisi ya kijiji, chukua mvuvi mwenyeji anayejua wapi viboko wanalala, na umwachie yeye pondo. Nendeni asubuhi, maana upepo ukianza mchana mimea husukumwa ukingoni na kurudi huwa kugumu. Watoto wavae viatu vilivyofungwa, wasichezee maji, na kila mmoja awe na jaketi la kuokolea. Mitumbwi mingi haina majaketi, kwa hiyo yakodini Moshi kabla hamjaondoka.